Joto la Tanki la Makapi

Watu wa mbali wanadhani pwani yetu haina baridi. Nimewasikia wakisema hivyo wakishuka garini Muheza, wanavua masweta ya milimani na kuyafunga kiunoni. Hawajaamka kwenye kambi ya mkonge mwezi wa saba, manyunyu yakianguka tangu alfajiri na upepo wa kusi ukipita juu ya mashamba bila kukutana na mti hata mmoja, mpaka unafika mlangoni kwako. Bati linatoa jasho kwa ndani. Khanga uliyoanika jana bado imelowa. Kwa mtu mwenye afya ni karaha tu. Kwa mdogo wangu wa mwisho ni kitanda cha hospitali.

Ana seli mundu. Baridi ikimwingia, maumivu huanza kwenye vifundo vya miguu, yakapanda magotini, yakafika mgongoni, na yakishafika mgongoni hakuna tena la kufanya nyumbani. Nesi aliyenifundisha kumtunza alinikalisha kwenye benchi akasema, "Mdogo wako asipigwe baridi, asinyeshewe, asikae na kiu. Dawa tutampa sisi. Hayo mengine ni kazi yako." Aliniambia mimi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuambiwa. Baba alikuwa ametangulia, na mama tulikuwa tumemzika muda si mrefu. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa kidato cha pili. Sketi yangu ya shule niliifumua nikamshonea yeye, na Jumatatu iliyofuata nikasimama mahali pa mama kwenye korona.

Korona ndiyo mashine inayosaga majani ya mkonge. Nyuzi zinatokea upande mmoja, zinakwenda kuanikwa. Makapi na maji yake ya kijani yanatokea upande wa pili, yananuka na yanawasha ngozi. Kipindi kile dunia nzima ilipoogopa ugonjwa wenye jina hilo, madereva wa malori walitutania mpaka wakachoka wenyewe. "Nyie mnakwenda korona kila siku na hamfi?" Tuliwajibu kwamba tunakufa, ila polepole.

Zamani makapi yalitupwa bondeni na kuozea huko. Baadaye shamba likajenga tanki kubwa la chuma, refu kuliko nyumba, makapi yakawa yanaozeshwa humo. Gesi inayotoka inaendesha jenereta, jenereta inaendesha korona, na korona inatoa makapi mengine. Mkonge unajisaga wenyewe, ndivyo tulivyoelezwa. Mimi nikahamishiwa huko. Nasukuma toroli la makapi mpaka kwenye shimo la kulishia, nakoroga, nafungua koki na kufunga koki. Gesi ikipungua, jenereta inaongezewa dizeli. Miezi ya baridi gesi ilipungua kila mwaka, kwa sababu makapi hayaozi vizuri yakipoa, na kila mwaka tulisikia kwamba dizeli imekula kila kitu na shamba linaweza kufungwa.

Injini ya jenereta inapozwa kwa maji, kama ya gari. Maji yanaingia ya baridi, yanazunguka ndani, yanatoka nyuma ya nyumba ya mashine yakiwa ya moto wa kunyonyolea kuku. Yalimwagikia kwenye birika la saruji lililokuwa wazi, yakapoa, yakarudishwa ndani. Hapo kwenye mdomo wa bomba ndipo kambi nzima ilipochota maji ya kuoga, ya kufulia na ya kulowekea maharage. Hakuna aliyejua nani alianza.

Lakini tulikuwa na adabu yetu. Ukichota ndoo ya moto, unamimina ndoo ya baridi kutoka bwawani. Ndoo kwa ndoo. Mgeni akichota akaondoka mikono mitupu alifuatwa mpaka mlangoni kwake. Namkumbuka mke wa mkata mkonge mmoja, ndiyo kwanza ametoka Kigombe, alivyorudishwa na bibi jirani yetu huku maji yameshaingia kwenye sufuria ya ugali. "Kwenu mnachota baharini, hakuna wa kumrudishia," bibi alimwambia. "Hapa yana mwenyewe."

Mimi nilikuwa na pipa la plastiki lililokatwa nusu. Alfajiri nilichota, nikarudisha, nikamkalisha mdogo wangu humo mpaka kifuani. Alisoma madaftari yake humohumo, ameyanyanyua juu yasilowe, na mimi nikimsugua miguu. Akitoka pale vifundo vimelegea, anakunywa uji, anatembea mwenyewe mpaka shule. Miaka yote ile ya msingi, na ya sekondari ilipoanza, nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Mimi niliishia njiani. Yeye afike kidato cha nne akae kwenye mtihani. Kila akilazwa anapoteza wiki kadhaa, na wiki za namna hiyo zikijazana mtoto harudi tena darasani. Nimewaona walivyopotea hivyo.

Injinia alikuja mwishoni mwa masika. Kijana mpole, mwembamba, wa Moshi, Mlutheri kama sisi, na Jumapili ya kwanza tulimkuta kanisani amekaa nyuma kabisa. Alitumwa kufanya mitambo ile ile itoe umeme zaidi kwa makapi yale yale na dizeli kidogo. Siku ya kwanza aliizima injini, akaifungua ubavuni, akaita watu waje kuona. Njia za maji zilikuwa zimeziba kwa ukoko mweupe, mgumu, kama ule wa ndani ya birika la chai, na katikati ya ukoko kuna tope la kijani.

"Injini hii inakunywa maji ya mvua kutoka tanki la juu," alisema. "Ukoko umetoka wapi? Nani anatia maji ya bwawa?"

"Sisi," bibi akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa nani kafagia kanisa.

"Nyie nani, bibi?"

"Kambi nzima. Ulidhani tunachota bure? Sisi si wezi, mwanangu."

Injinia alimtazama, akatazama birika, akatuonyesha boya lililokuwa likielea pembeni. Alieleza taratibu. Maji yakipungua, boya linashuka na maji safi ya mvua yanaingia yenyewe. Lakini hayakupungua hata siku moja, kwa kuwa tulirudisha. Kwa hiyo miaka yote injini ilizungusha maji ya bwawa yenye chumvi na tope, ikaziba, ikashindwa kupoa, na mashine isiyopoa inakula zaidi na kutoa kidogo.

"Mngeiba tu," alisema, "mngeisaidia."

Watu walicheka, ila si wote. Bibi hakucheka. Alijifunga khanga upya, akasema, "Basi nitamwambia mchungaji kwamba nimekosa kwa kutoiba," akaondoka zake. Mimi nilibaki nimeshika toroli. Wengine walifikiria ukoko. Mimi nilimtazama injinia mkononi, maana alikuwa ameshika chaki na anachora kwenye ukuta mahali bomba lile la maji ya moto litakapopita.

Halikumwagikia tena birikani. Lilinyooshwa juu, likavuka njia, likaingia kwenye tanki la makapi, likazungushwa ndani mara nyingi kama utumbo, kisha likarudi kwenye injini. Injinia alitueleza sisi wa tanki kwamba makapi yanataka joto la mwili wa mtu, si zaidi, si pungufu, na joto hilo tulikuwa tukilimwaga nje kila saa. Sasa litaozesha makapi. Gesi itaongezeka, dizeli itapungua. Alinipa kipimajoto na koki moja kubwa nyekundu niilinde.

Ilifanya kazi. Siwezi kusema vinginevyo. Ndani ya majuma machache mngurumo wa injini ulibadilika, taa za korona ziliacha kufifia, na tetesi za kufungwa kwa shamba zikanyamaza.

Na mimi nikarudi kwenye mafiga matatu. Niliamka mapema zaidi kutafuta miti ya mkonge iliyokauka, ile inayobeba maua, maana kuni nyingine hazipo kwenye mashamba yetu. Inawaka haraka na kuisha haraka, na ikiwa na unyevu inatoa moshi tu. Ndoo moja ilichukua muda ambao zamani ungetosha pipa zima. Nilifika kazini nimeshachoka, nikasukuma toroli, nikarudi jioni kuangalia kama miti niliyoweka chini ya kitanda imekauka. Mdogo wangu aliona. Alianza kuniambia, "Leo siumwi, dada, acha," na akienda shule namwona kwa nyuma jinsi anavyokanyaga kwa upande.

Wiki ya mvua za mwezi wa saba maumivu yakafika mgongoni. Nilimbeba mpaka barabarani. Hospitali alikaa mpaka wenzake walipomaliza mitihani ya mwezi. Kaka yetu, anayenifuata mimi kwa kuzaliwa, alikuja kutoka Makorora, mjini, na bodaboda yake, akasimama mguuni mwa kitanda na helmeti mkononi.

"Mlete mjini," aliniambia. "Nina chumba."

"Na shule?"

"Shule zipo. Asipopata, basi. Wewe si uliacha?"

Alisema bila ubaya. Ndivyo alivyo. Mdogo wangu akafungua macho akamwambia, "Kaka, chumba chako kina mlango wa pazia. Nitakufa kwa baridi nikikusubiri urudi na abiria wako wa kike." Kaka alicheka mpaka mgonjwa wa jirani akageuka. Lakini alipoondoka aliniuliza tena, pembeni. Nilimwomba anipe mpaka mvua ziishe.

Mdogo wangu aliporudi nyumbani hakuweza kukaa peke yake, kwa hiyo nilikwenda naye kazini asubuhi na kumweka kwenye ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya tanki, pasiponyesha. Nilipomaliza toroli la kwanza nilimkuta amehamisha ndoo. Ameegemeza mgongo wake wote kwenye chuma cha tanki, macho amefumba, miguu ameinyoosha.

"Dada," alisema, "njoo uguse."

Niliweka kiganja. Chuma kilikuwa na joto la kiganja changu. Sikuhisi kitu, si moto, si baridi, kama kumgusa mtu aliyelala. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nasoma kipimajoto kwenye ukuta ule na haikunijia kwamba ni ukuta wenyewe unaosomwa.

Tangu siku hiyo alianzia pale kila asubuhi. Tulitoka nyumbani kabla ya wengine, akakaa upande wa mashariki kati ya bomba na ngazi, akasoma mpaka kengele ya kwanza ya korona, kisha akaenda shule. Joto lile lilikuwa bora kuliko pipa, kwa sababu halikupoa katikati na hakutoka na maji mwilini. Niliacha kutafuta miti ya mkonge. Mwezi mzima sikuzungumza na mtu kuhusu jambo hilo. Niliogopa kulitaja.

Kisha yakaja magunia. Injinia alikuwa amepima akaona tanki linapoteza joto kwenye ukuta wake wote, mchana na usiku, kama mtu anayelala bila shuka. Akaagiza zile nyuzi fupi zisizouzika zishindiliwe kwenye magunia, yashonwe kuwa magodoro, yafungwe kuzunguka tanki lote na juu yake mabati. Kazi ya kushona na kufunga tulipewa sisi wa tanki, pamoja na bibi jirani, anayejua kushona magunia kwa shazia kuliko wote. Tulianzia upande wa magharibi. Kila siku magodoro yalisogea karibu na ngazi.

Nilingoja mpaka yalipobaki machache. Injinia alikuwa amechuchumaa anakaza bolti.

"Injinia, nina ombi."

"Sema, dada."

"Hapa kati ya bomba na ngazi. Naomba pasifunikwe."

Aliinuka. Mdogo wangu alikuwa pale pale, na daftari. Nilimweleza ugonjwa wake, pipa la zamani, hospitali, mtihani wa mwakani. Nilisema yote kwa mpigo, maana nilijua nikisimama sitaweza kuendelea.

"Nilidhani anakuja kukusalimia," alisema.

"Anakuja kujipasha."

Aliweka spana chini. Halafu akauliza, "Anakaa mpaka saa ngapi?"

"Kengele ya kwanza."

"Na baada ya hapo, mchana kutwa na usiku kucha, tunapasha upepo." Hakusema kwa ukali. Mtu akiwa mkali unajua pa kusimama. Yeye alisema kweli, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani aniseme vibaya nikasirike. "Dada, nikiacha hapo, kesho mwingine ataomba pa kuanikia nguo. Meneja atakuja kukagua kwa mkono wake. Nitamwambia nini?"

"Mwambie meneja naye aegemee," bibi alisema kutoka kwenye magunia, bila kuinua macho. "Kwa mgongo ule, tanki ndilo litakalopashika."

Injinia alijizuia kucheka. Niliangalia godoro lililokuwa limeegemea ngazi, tayari limeshonwa, na nilijua kwamba nitalifunga mwenyewe, kwa sababu ni kazi yangu, na kwamba jioni nitakwenda kutafuta miti ya mkonge, na mvua zitakapozidi nitampigia simu kaka yangu wa Makorora.

Mdogo wangu ndiye aliyesema. "Kaka injinia, shikamoo."

"Marahaba."

"Hata banda la kuku lina mlango."

Injinia alimtazama, akatazama godoro, akatazama ngazi. Alipima urefu wa godoro kwa shubiri, kisha akamwomba mdogo wangu asimame, akampima mgongo tangu mabegani mpaka kiunoni, naye amesimama kama anayeshonewa gauni la kipaimara. "Likining'inizwa juu kwa kamba," alisema polepole, kama anayejisemea, "na likafungwa chini." Akanigeukia mimi. "Likikutwa wazi baada ya kengele, hata mara moja, napigilia bati. Nawe hutaniomba tena."

"Sitakuomba."

"Na utafunga wewe. Si yeye. Yeye atasahau akiona wenzake wanapita."

"Sisahau," mdogo wangu alisema.

"Utasahau," tukasema wote watatu, na bibi ndiye aliyekuwa na sauti kubwa.

Bibi alishona pindo la godoro lile mara mbili.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Sitadanganya kwamba maumivu yaliisha. Alinyeshewa akitoka shule mwezi wa kumi na moja akalazwa tena, na ipo siku moja nililia nyuma ya shimo la makapi ili asinione. Gesi ikipungua kidogo, jambo la kwanza ninalofikiria ni mlango wetu ule, na nakwenda kupapasa pindo lake hata kama najua nimelifunga. Kamba ya mkonge inakata vidole, hasa ikiwa imelowa. Kaka bado anauliza kila anapopiga simu, na mimi bado namwambia angoje.

Lakini yuko kidato cha nne. Leo asubuhi alikuwa ameegemea, sweta la shule limeshika harufu ya makapi ambayo wenzake wanamtania nayo. Anawaambia ni manukato, yanatengenezwa kwetu, hayauzwi. Alikuwa ananisomea kemia kwa sauti ya chini. Sikuielewa, nilisikiliza tu. Mnyapara alishaanza kutembea kuelekea kwenye kengele.

"Inuka," nilimwambia.

"Bado haijalia."

"Italia."

"Basi dada, sentensi moja."

Alimaliza sentensi yake, akainuka bila kushika ukuta, akatikisa miguu, akaweka daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Nilishusha godoro, nikapitisha mkono pembeni kote kuhakikisha haliachi upenyo, nikafunga fundo la kwanza na la pili. Kengele ikalia. Nilimtazama akifika barabarani, anatembea sawasawa, kisha nikashika toroli.